Mwanangu, litoe jina la bibi yako

Kahama

Mayu, mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Presha ya mama yako imetulia tangu abadilishiwe dawa, na mdogo wako bado anasubiri matokeo, anashinda ameinamia simu. Nimeona nikuandikie kwa utulivu, maana tukipigiana wewe huniambia "sawa baba" kabla sijafika mwisho wa ninachosema, na hili nataka ulisikie lote.

Nimesoma utangulizi wa tasnifu yako juu ya kesi za uchawi za Bamberg, Ujerumani. Macho yangu hayavumilii tena maandishi ya kwenye simu, kwa hiyo nilipeleka faili steshenari, ile ya karibu na stendi, wanichapishie. Karatasi zikawa zinatoka kwenye mashine moja moja, na kijana wa pale akaiokota ya kwanza akaanza kusoma. Kiingereza chake si kibaya. Akaniuliza, "Mwalimu, hiki si kijiji cha kule kwetu? Na huyu bibi ni wa nani?" Nikamwambia ni mambo ya chuo. Nikalipa, nikakunja karatasi zangu nikatoka bila kusubiri chenji.

Mayu, litoe jina la bibi yako kwenye ukurasa ule unaosimulia alivyosingiziwa uchawi. Litoe na jina la kijiji. Mengine yote nitakayosema humu unaweza kuyapima uone kama yanakufaa, lakini hili nakuomba kama baba.

Sasa nikupe haki yako. Sura ya pili nimeisoma nikarudia. Mtoto aliyesoma hapa Kahama leo anakaa Bamberg anasoma mwandiko wa makarani wa 1628, mwandiko ambao Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma hata kama ni lugha yao. Nimewaambia walimu wenzangu wastaafu, na kanisani nimesema pia, mama yako akanikanyaga mguu ninyamaze. Umeeleza vizuri kwamba mambo yale hayakuanza na shetani, yalianza na hali ya hewa: ile baridi kali ya Mei 1626 iliyoua mizabibu na nafaka ikiwa bado changa, kisha njaa, kisha watu kutaka aliyeleta baridi apatikane. Hapo usipapite haraka. Mimi ningekaa zaidi hapo. Tafuta bei za nafaka, tafuta mvinyo ulikuwa na maana gani kwenye mfuko wa mtu wa kawaida. Msomaji akishaona njaa ndipo atakapoelewa kwa nini watu walimsikiliza askofu wao, Johann Georg Fuchs von Dornheim, aliyekuwa pia mtawala wa nchi, na kwa nini mwaka 1627 alijengewa gereza zima la washukiwa wa uchawi, lile Drudenhaus, bila mji kumzuia.

Nakuomba pia usiwaite wale watu washenzi. Neno hilo umelitumia mahali pawili. Wengi wa waliokaa kwenye meza ile ya mahojiano walikuwa wanasheria wenye digrii. Walikuwa na kitabu cha sheria mkononi, ile Carolina ya Kaizari Karl wa Tano ya 1532, na sheria ile ilidai ushahidi kabla ya mateso, ikadai pia kwamba aliyeungama kwenye mateso ayarudie maneno yake akiwa hateswi. Umelitaja hilo kwa mstari mmoja tu. Ni zito kuliko mstari mmoja. Aliyeyakana maneno yake alirudishwa kwenye kamba, na sheria iliruhusu. Kila kitu kiliandikwa, kikawekwa tarehe, kikatunzwa. Kwa utaratibu huohuo mzuri wa uandishi wewe leo unapata shahada.

Nimefundisha historia ya Ulaya miaka mingi, kidato cha tano na sita, michepuo ya HGL na HKL, unajua. Ukabaila na kuporomoka kwake, ubepari wa kibiashara, mapinduzi ya kilimo Uingereza, Ufaransa 1789. Sababu, matokeo, sababu, matokeo, kwa kuwa mtihani ulitaka hivyo na watoto wa watu walitaka kufaulu. Dini ilikuwa na aya yake moja, Luther na 1517, kisha tunaendelea na biashara. Katika madaftari yale kulikuwa na mabwana, watwana na matajiri wa mijini. Mtu mwenye vidole vilivyopondwa anayemwandikia binti yake hakuwemo. Sikuwahi kujua kwamba yupo mpaka wewe uliponitumia tafsiri ya barua ya Johannes Junius, na sijalala vizuri tangu nilipoisoma.

Huyu alikuwa meya, mtu wa miaka 55, mkewe ameshauawa kwa tuhuma hizohizo. Anaandika tarehe 24 Julai 1628, kwa siri, anasema imemchukua siku kadhaa kwa sababu mikono yote miwili imelemaa. Anamwanzia binti yake Veronica kwa kumtakia usiku mwema mara laki nyingi. Anamwambia: nimeingia gerezani sina hatia, nimeteswa sina hatia, nami nitakufa sina hatia. Anamsimulia jinsi mtesaji mwenyewe alivyomwonea huruma akamsihi atunge chochote, cha kweli au cha uongo, maana mateso yanayokuja hatayaweza. Akatunga. Baada ya kutunga wakamwambia haitoshi, ataje aliowaona huko kwenye mikutano ya wachawi. Aliposema hamjui mtu, wakampitisha mji mzima kwa maneno, mtaa baada ya mtaa, na kila mtaa ilibidi atoe majina.

Pale ndipo nilipoiweka chini ile karatasi. Mwanangu, mimi nilipofika hapo sikuuona mji wa Bamberg. Unajua niliona wapi.

Na kuna kitu umekiruka. Mwishoni anamwambia Veronica amlipe mtu aliyeibeba barua, ampe taler moja, sarafu ya fedha ya wakati ule. Umeandika juu ya imani, umeandika juu ya sheria, lakini taler hiyo hukuigusa. Mtu amebakiza siku chache, ameshaaga, mikono haishiki kalamu, na bado anakumbuka kwamba kuna askari wa gereza aliyehatarisha shingo yake na hawezi kuondoka mikono mitupu. Hapo ndipo nilipomwona Junius kama mtu niliyewahi kukutana naye. Kama ungeniuliza uanze tasnifu yako wapi, ningekuambia anzia hapo. Anzia kwenye taler. Una mwanzo mzuri kuliko bibi yako, na upo kwenye nyaraka zako mwenyewe, na hauna mtu wa kumuumiza.

Umesema profesa wako aliufurahia ukurasa wa kwanza, akasema una nguvu. Sina neno naye, amekulea vizuri kielimu na nitamshukuru siku tukionana. Lakini yeye akifunga kompyuta yake anakwenda nyumbani kwake. Hakutani na watu wetu gulioni.

Najua utakavyonijibu. Utasema bibi ni marehemu, na kwamba kumtaja ni kumrudishia heshima waliyomnyang'anya. Utasema Junius naye alimsihi binti yake aifiche barua ile isionekane, na kwamba kama ingefichwa hadi ikaoza, leo angebaki mchawi aliyeungama mwenyewe, basi. Nimeliwaza sana hili, nikitembea, nikinywesha ng'ombe. Una hoja. Lakini kati ya Junius na wewe imepita karibu miaka 400. Wale sita anaowataja pembeni mwa karatasi, Kansela na mwanawe na Neudecker na wenzao, waliomtaja kwa kulazimishwa kisha wakamwomba msamaha kabla ya kuuawa, wajukuu wao hawakai leo jirani na wajukuu zake wakigombania mpaka wa shamba. Kwetu wanakaa. Mpaka upo, mti wa mpaka upo, na waliousogeza wapo.

Tena umefanya jambo ambalo nadhani hukuliona wakati unaliandika. Pale unapoeleza tuhuma ilivyoanza, umemwelezea yule mama aliyemshuku bibi yako. Jina lake hukuliweka, lakini umesema ni mjane, umesema nyumba yake iko kwenye kisima, umesema watoto wake waliofariki walikuwa wangapi. Kijijini kwetu nani hatamjua? Umemtaja. Yule mama alikuwa amezika watoto, mayu. Alikwenda kupigiwa ramli, na mpiga ramli hakumpa jina la mtu, alimwambia tu atazame upande wa jua kuzama. Hao watu wa ramli chonganishi ndivyo wanavyofanya kazi: anakupa upande, jina unalileta mwenyewe. Upande ule kulikuwa na nyumba moja yenye mwanamke mzee, mjane, macho mekundu, na ekari nzuri za kando ya bonde. Macho umeyaeleza sawasawa, moshi wa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba kwenye jiko lisilo na dirisha, siongezi. Ila ekari hukuzitaja kabisa, wakati kwenye sura ya Bamberg umeandika kurasa nzima juu ya mali zilizotaifishwa.

Yule mama alikuja msibani. Wewe ulikuwa kwenye mitihani, hukuwepo. Alikaa jikoni na wanawake wengine, akachambua mchele mpaka jioni, wala hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi nilimwona nikapita. Sasa wewe unataka kitabu kitoke Ulaya kimwambie mjukuu wake kwamba bibi yake alikuwa mshitaki.

Sheria yetu wenyewe ya Uchawi, ya mwaka 1928, waliyoituandikia Waingereza, inalihesabu kuwa ni kosa kumnyooshea mtu kidole kuwa mchawi. Watu huicheka kwamba imeshindwa kuzuia mauaji, na ni kweli wazee wetu wa kanda hii wameuawa kwa mapanga, wanawake wengi, sheria ikiwepo. Lakini naona walioitunga walielewa kwamba ubaya unaanzia kwenye kutaja. Na wewe unaye mtu aliyelijua hilo miaka mia tatu kabla yao. Kwa nini umemweka kwenye tanbihi? Namsema yule mchunguzi wa Hispania, Alonso de Salazar Frías. Alikuwa mmoja wa majaji wa Inkwizisheni, ile mahakama ya Kanisa Katoliki ya kuwasaka wazushi, huko Logroño walipochoma watu mwaka 1610, kisha akazunguka vijiji vya Navarra kuhoji walioungama, akapima vyungu vya dawa zao na kulinganisha maneno yao. Akaandika kwa wakubwa wake kwamba hapakuwa na wachawi wala waliorogwa mpaka watu walipoanza kuwasema na kuwaandika. Na wakubwa wale, walioogopwa Ulaya nzima, walimsikiliza. Jaji wa Inkwizisheni anapendekeza kunyamaza! Miaka mingi niliwaambia wanafunzi Inkwizisheni ni mateso tu. Huyu anastahili sura nzima, mayu, na ukimpa sura utalazimika kueleza kwa nini Hispania iliwahi kujizuia wakati Bamberg, mji wa wasomi, mamia waliendelea kuuawa hadi majeshi ya Sweden yalipokaribia 1631 na askofu akakimbia.

Na Friedrich Spee je? Padri Mjesuiti, kitabu chake cha 1631 cha kupinga mashtaka haya kilitoka Rinteln bila jina lake. Umemsifu kwa ujasiri, na anastahili. Lakini angalia alivyofanya: alisema kila alichotaka kusema, na majina akayaacha nje, la kwake likiwa la kwanza. Kitabu hakikupungua nguvu.

Kwa hiyo nikisema litoe jina, sikuambii ufiche historia. Andika "mwanamke mmoja mzee wa kanda ya magharibi ya Tanzania". Andika "ndugu wa mwandishi" kama wakikubali, au usiandike kabisa. Ulaya peke yake wanakadiriwa watu kati ya 40,000 na 60,000 waliouawa kwa kesi hizi, hasa wanawake, na sehemu kubwa yao hawana mjukuu wa kuwasemea. Wao ndio waliokupeleka huko. Huko watakuuliza mambo ya kwetu, najua, kwenye chai na kwenye semina, kwa sababu wakikuona wanaona Afrika. Wajibu kwa adabu halafu uwarudishe kwenye mji wao. Umekwenda kusoma Ulaya, isome Ulaya. Nilikuona ukishindana na Kilatini hapa barazani kabla hujaondoka, na hukulilia Kilatini ili uende ukatoe ushahidi juu ya jiko la bibi yako.

Nilipofika kwenye ile tanbihi unayouliza kwa nini familia haikwenda polisi, nilikasirika. Sitakuficha. Swali hilo usiliulize kwenye tanbihi, niulize mimi. Nilikuwa mwalimu wa serikali, naishi nyumba ya shule, nyie wadogo, na mtu wa namna hiyo hupima maneno kabla ya kusimama kwenye mkutano wa kijiji. Gari lilipatikana usiku, tukaondoka usiku. Bibi yako alikaa na sisi, alikula, alitibiwa, alifia kitandani kwake. Wewe ndiwe uliyemkata kucha. Hakuwahi kuniuliza kwa nini sikwenda kule kuzungumza na watu, wala kuulizia shamba lake hakuulizia. Nilidhani ni kwa sababu ameridhika.

Na jina lake ndilo lako. Umeliona hilo? Ukurasa wa juu jina la mwandishi, ukurasa unaofuata jina lilelile. Msomaji wa Bamberg ataona ni jambo zuri. Wa hapa atasema, kumbe, ndiyo maana. Usinicheke. Mdogo wako ataoa, binamu zako wa kike bado wako kwa wazazi wao, na watu wanaokwenda kuulizia ukoo huwa hawasomi mpaka ukurasa wa mwisho.

Basi, nisikuchoshe na hilo moja. Unakula? Mama yako anasema kwenye picha shingo imekuwa nyembamba. Umesema unasoma nyaraka za mahojiano hadi usiku, acha. Zisome asubuhi, na jioni soma kitu kingine, hesabu za manispaa, bei za kuni, chochote kisicho na mtu anayelia ndani yake. Wanaofanya kazi hii muda mrefu lazima wana namna yao ya kupumzika, waulize wakubwa zako. Nunua viatu vizuri vya baridi, usibane hela kwa ajili yetu. Zile ulizotuma mwezi uliopita zimetosha bati za upande wa jikoni, na mafundi wamemaliza isipokuwa misumari ya kona ambayo wameniahidi kesho, na kesho yao naijua. Mpunga mwaka huu umekubali. Ng'ombe yule mwekundu nimeuza, alikuwa anasumbua, usimwambie mdogo wako mpaka nimwambie mwenyewe maana alishamhesabia ada ya chuo.

Shangazi yako analalamika humpigii. Ana haki. Kila wiki unapata muda wa watu waliokufa karne ya 17, shangazi mmoja aliye hai anakushinda? Mpigie Jumamosi mchana, jioni anakuwa kwaya.

Jambo la mwisho, la shamba. Baba yako mdogo amelivalia njuga suala la hatimiliki ya kimila. Halmashauri ya kijiji imekubali kulisikiliza, na mzee wa upande wa pili ametuma mtu kusema hana tatizo na mti wa mpaka wa zamani. Sikutegemea. Ndiyo maana pia sitaki ukurasa ule utembee sasa hivi, mayu, kabla hawajakaa na sisi wakaweka saini. Akina baba yako mdogo wameamua majina ya wajukuu wote yaingie kwenye fomu, wa kiume na wa kike, na la kwako limeshaandikwa. Wanakuja kupima baada ya mavuno. Nitumie namba yako ya NIDA kabla ya hapo, na unijibu kuhusu ukurasa wa kwanza.

Ni mimi baba yako